Meza ya Sita, Kantab

Chupa imetoka kwenye barafu ikitiririka jasho,
nimeifuta kwa kitambaa, shingo kwanza,
kama alivyonifunza Bwana Ettore,
aliyenikataza kusema "mtamu"
kwa kitu kisicho na sukari.
Vermentino. Mvinyo mweupe wa pwani ya Liguria,
ambako, asema, mizabibu imeng'ang'ania juu ya bahari
kwa kuta za mawe yasiyo na udongo,
na mchumaji hushuka kinyumenyume, kikapu mgongoni.

Mama yangu kule Wundanyi
anadhani nauza maji ya zabibu.
Sijamkosoa.

Meza ya sita amekaa Bwana Muhenna,
dishidasha imenyooka kama karatasi ya serikali.
Binti yake yuko nje, anagombana na simu.
Ameagiza nguru wa kuchoma, maji, na ndimu mbili.
Aliponisikia nikimwambia mpishi "ngoja kidogo,"
akageuka. Kiswahili chake ni cha Wete,
kilikunjwa vizuri, kikawekwa,
bado kina mistari ya mkunjo.

"Hiyo naijua," akaonyesha chupa kwa kidevu.
"Miaka thalathini na moja, forodha ya Matrah.
Kasha la chupa kumi na mbili,
ujazo robo tatu ya lita,
kileo kumi na tatu kwa mia,
ushuru wake nautaja hata usingizini.
Nimezihesabu, nimezipigia muhuri,
zikivunjika naandika: zimevunjika,
natoka nje mpaka harufu iishe.
Sijaonja, na sitaonja. Lakini, mwanangu,
nilikuwa nahesabu nini?"

Kadi ya Ettore ninayo kichwani, kwa Kitaliano.
Kwa Kiswahili hakuna aliyewahi kuniandikia.
Nikaanza kwa kubabaika.

Ndimu, nikasema. Si maji yake, ganda,
pale kucha inapolichuna na jicho likafumba.
Kisha jani la mrehani lililosuguliwa kiganjani.
Kisha chumvi, si ya kijiko,
ile ya mdomoni baada ya kuogelea,
ukisahau ukajilamba.
Na ukishameza, uchungu mdogo,
wa ngozi ya lozi.
Haukai. Unabisha hodi ukiwa unaondoka.

"Na huliwa na nini?" Sauti ya karani, kalamu tayari.

Ngisi wachanga, nikasema, wa kukaanga, wa moto bado.
Dagaa waliolazwa kwenye siki.
Pweza aliyepigwa akalainika,
na viazi, na mafuta ya zeituni.
Tambi za mrehani uliotwangwa na saumu na jibini,
kwao huko ndicho chakula cha nyumbani.
Na nguru wako huyo, tukimwondolea bizari.
Lakini shuwa, hapana:
mbuzi aliyelala shimoni siku mbili
ataukanyaga mvinyo huu usionekane.
Wala halua. Halua ikitangulia, mvinyo unakuwa siki.
Na papa mkavu?
Hapo tulicheka sote wawili,
maana papa mkavu hana mwenzake ila wali.

Akachukua ndimu, akalichuna ganda kwa kucha,
jicho likafumba.
Akasugua jani lililopamba sahani.
Akalamba chumvi iliyoganda pembeni mwa samaki.
Akanyoosha mkono bila kutazama,
nikamletea lozi tatu kutoka jikoni.
Akatafuna polepole, kama mtu anayelinganisha
mzigo na hati yake.

"Baridi," akasema. "Umesahau kuandika baridi."

Kweli. Nilikuwa nimeisahau.
Akainua gilasi ya maji, barafu ikagonga kioo,
akafunga hesabu.

Binti akarudi, simu mkononi.
"Baba, unakula nini hicho? Maganda?"
"Nafungua mzigo wa zamani," akajibu,
kwa Kiarabu, kisha akanitazama.

Nikaichukua chupa, nikaipeleka meza ya tisa.
Walikuwa wameagiza mbuzi.