Komeo la Ndani

Keti, mshenga. Si kiti hicho, kinalia.
Keti hapa, karibu na dirisha.
Umetoka Kibosho kwa basi la usiku
ukawataja babu tisa bila kumeza mate,
kila babu na kihamba chake, kila kihamba na mfereji wake.
Nilikuwa nahesabu kwa vidole chini ya khanga.
Kisha ukatugeukia: na ninyi wa Bagamoyo, asili yenu?
Tulipokaa kimya ukaongeza, kwa kicheko,
mwacha asili ni mtumwa.

Sawa.

Kuna kitabu pale Misheni, jalada limeliwa na mende.
Nilifunguliwa mwaka niliostaafu uuguzi,
padri kijana akinisomea kwa Kifaransa cha kubabaisha.
Jumatatu moja, ndoa nane kwa mpigo.
Ya tano: Theofili, seremala, umri kama ishirini.
Onorina, umri kama kumi na saba.
Wazazi wa mume: hawajulikani.
Wazazi wa mke: hapo mwandishi alichoka,
akaweka vistari viwili vya "kama hapo juu".

Hao ndio babu zangu tisa. Vistari viwili vya wino.

Lakini walichumbiana, na hilo halimo kitabuni.
Wavulana kwao, wasichana kwao,
katikati ukuta, na sista mwenye ufunguo kiunoni.
Theofili alitumwa kukaza mabenchi ya kanisa.
Akayakaza yote ila moja:
la tatu la wasichana, upande anaopiga magoti Onorina,
aliliachia kigingi kilegevu,
ili kila Kirie asikie, bila kugeuza shingo,
kii.
Yupo. Hajaugua. Hajapelekwa kokote.
Miezi saba kijana alichumbia kwa sikio.
Kisha Jumapili moja benchi likalia mara mbili,
kii, kii,
na ile ya pili ilikuwa ya makusudi.

Mahari ndiyo iliyoleta ubishi.
Padri mkuu akauliza, mahari ya nani?
Baba hayupo, mjomba hayupo, wa kupokea mbuzi hayupo.
Onorina akasema, nipo.
(Shangazi zangu wakifika hapa hushusha sauti, kama mtu anayepepeta.)
"Nimenunuliwa mara mbili,
kwa doti za merikani, kisha kwa fedha ya Misheni.
Bei zote mbili walichukua wengine.
Ya tatu napokea mwenyewe."
Akataka mlango.
Si kuti la kuegesha. Mlango wa mbao,
wenye komeo upande wa ndani,
maana tangu atekwe, kila komeo alilolijua
lilikuwa nje.

Siku kumi na nne Theofili alichonga mvule,
usiku, kwa kibatari cha mafuta ya nazi.

Asili, eh? Tumebakiwa na neno moja.
Uchungu wa kwanza ulipomshika alilia "Mayo!"
Mkunga akadhani anataka mayai.
Nimeulizia. Mnyamwezi mmoja akaniambia, huyo ni mama.
Dereva wa lori, Mbemba, naye akasema, ni mama.
Baina ya kwao na kwao ni nchi pana, mshenga,
na mahali fulani humo mtoto aliita mama akakatizwa.
Binti aliyezaliwa padri alimbatiza Klementina.
Nyumbani wakamwita Hapa.
Ukiulizwa huko kwenu, sema hivyo: ni wa kina Hapa.

Methali yako nakurudishia. Ina ufa.
Wao hawakuiacha asili. Ilinyofolewa mkononi
mwa mtoto asiyejua hata kuhesabu siku za safari.

Tuje kwa Generosa.
Mbege, mablanketi, mbuzi, andika unavyotaka, tutapunguziana.
Kimoja hakipunguzwi.
Kijana wenu amewahi kushika randa?
Asipojua, ajifunze; mwaka ni mrefu.
Mwambie apime vizuri, na asisahau ni upande gani.

Kunywa chai.
Na kiti hicho kinacholia, usijisumbue nacho.
Hakuna aliyesahau kukikaza.