Soli za Mpira

Darasa la tatu, shule ya Monte, juu ya mji wa Funchal.
Kitabu kina picha ya boksi kwenye ubao wa mshazari
na mshale mwekundu unaoelekea chini.
Zulmira akanyoosha mkono: "Mwalimu, nani analivuta?
Mbona hawakumchora?"

Nikafunga kitabu.
"Inamisheni madawati," nikasema. "Polepole."
Penseli zikatangulia
(penseli ya mviringo haina subira),
kisha rula, kisha sarafu ya Délio ya kununulia mkate.
Kifutio kikagoma.
Kiling'ang'ania mbao kama kupe
mpaka dawati likakaribia kusimama wima
na mwalimu mkuu akachungulia dirishani.

"Dunia inavuta vyote," nikawaambia. "Haichagui,
haina likizo, haijui Jumapili.
Lakini kila vinavyogusana vinabishana.
Ubishi huo ndio msuguano."
Wakaandika. Firmino hakuandika,
Firmino ambaye tangu Septemba
amesema "nipo" na si neno jingine.

Alhamisi nikawatoa nje, hadi chini ya ngazi za kanisa,
pale watalii wanapopanda makapu:
kiti cha matawi yaliyosukwa juu ya mbao mbili,
hakuna injini, hakuna gurudumu, hakuna breki,
wanaume wawili tu nyuma, nguo nyeupe, kofia za majani makavu,
na lami iliyolambwa na mbao hizo miaka nenda miaka rudi
hadi inang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa jivu.

Mmoja wa wanaume hao alikuwa baba yake Firmino.
Hakuniuliza somo ni lipi. Akatoa tambara lenye shahamu,
akapangusa chini ya mbao: "Hapa namnyima."
Akainua buti, akatuonyesha soli,
kipande cha tairi kilichopigiliwa misumari: "Hapa nampa."
"Unampa nani?" Zulmira tena.
"Barabara. Ukimnyima kabisa, utaishia ukutani.
Ukimpa kila kitu, hutaondoka hapa."
Wakashuka na bibi mmoja Mjerumani
aliyeanza kupiga kelele kabla ya safari.
Kwenye kona mabuti yakakanyaga, kapu likaenda kiubavu,
mpira ukalia,
upepo ukatuletea harufu ya kuungua.

Hapo ndipo Firmino aliposema,
si kwangu, kwa viatu vyake mwenyewe:
"Kila Jumamosi anapima soli kwa kidole.
Ya kushoto huwahi kuisha.
Ikiwa nyembamba sana, mama hasemi kitu mezani."

Mtihani. Swali la nne:
Ni nguvu gani hupunguza mwendo wa kitu kinachoteremka?
Ishirini na mmoja waliandika msuguano.
Délio aliandika msumari.
Firmino aliandika: Baba.

Nimekaa na karatasi hiyo tangu saa mbili usiku.
Mwongozo wa kusahihisha uko wazi: neno moja, alama mbili.
Kalamu nyekundu nimeilaza. Meza yangu ina mguu mmoja mfupi;
kalamu ikaanza kubingirika, sikuizuia,
ikafika ukingoni, ikaanguka,
ikabingirika tena sakafuni hadi kwenye zulia kuukuu
la marehemu mama, lile lenye manyoya magumu,
ikatulia.