Noti Kumi na Moja

Sapporo. Theluji imefika kizingiti cha dirisha.
Chizuru kapewa sauti tatu tu, na kumbukumbu finyu:
muziki wa nyumba ya wageni, mashujaa wanapolala,
usizidi noti kumi na moja.

Ameandika kumi na nne. Anakata.
Ya kwanza kufa ni ile aliyoipenda.

Chumba cha pili mwanawe anaujaribu mchezo,
sauti kaizima, kichanga kisiamke.
Shujaa anaingia, analipa sarafu nane, taa inazimwa,
na kijana, pasi na kujua, anaimba puani
kitu kifupi, kimepinda,
kina usingizi ndani yake.

Mama anahesabu kwa vidole juu ya goti.
Tisa.

Mbili zilizobaki anaziacha kimya,
mlalaji apate kujigeuza ubavu.