Safu ya Tatu

Ofisi yetu iko juu ya kinu cha unga, Kayole,
ghorofa ya pili, mlango usio na kibao
kwa kuwa kibao kiliibwa Machi na hatujapata kingine.
Kinu kikianza kusaga, saa mbili na nusu,
sakafu hutetemeka, na meza, na daftari,
na mwandiko wa kila aingiaye hutetemeka vilevile,
hata wangu.

Mimi ndiye wa daftari.
Huchora mistari kwa rula ya mwanangu:
jina, simu, umetoka wapi, sahihi.
Wafadhili huipenda safu ya tatu.
Huihesabu. Hutaka nchi.

Siku ya kwanza Nabintu alikuja na mtoto mgongoni
na mtungi wa manjano, mtupu.
Nikamwonyesha kwa kidole: hapa, mama, umetoka wapi.
Akaandika polepole, ncha ya ulimi nje
kama mtu atungaye uzi sindanoni:
*ku mayi.*
Sivyo, nikasema. Akanitazama.
“Si umeuliza? Natoka ku mayi.
Nimesimama tangu saa kumi ya usiku,
na mayi haikukuya.”

Nilicheka.
Halafu sikufuta.

Waliofuata walisoma mstari wa juu yao,
kama wafanyavyo watu kwenye daftari lolote,
wakaufuata.
Nyaruot: *kwa mwenye nyumba, kuomba wiki moja.*
Obse: *Shauri Moyo, foleni. Nirudi Jumanne.*
Jumanne akaandika: *Shauri Moyo. Nirudi Jumanne.*
Na Mzee Barakamfitiye, ambaye jina lake
huvuka mpaka na kuingia safu ya simu,
alichelewa darasa la kushona, shati halijafungwa vifungo,
akaandika neno moja, *usingizini*,
akalitazama, akaongeza: *hadi jua.*
Sikujua niseme hongera au nini.
Nikampa uzi.

Mgeni siku ya tatu apewe jembe, wanasema.
Jembe letu ni cherehani tano, moja haina mguu,
imeegemezwa tofali.

Mimi nilizaliwa Pumwani. Mama yangu pia.
Nilipokwenda kuchukua kitambulisho
karani aliniuliza kwetu ni wapi, nikamwambia.
Akasema hapana, kwenu *hasa.*
Akauliza babu. Akauliza baba wa babu.
Nilikuwa na miaka kumi na minane na njaa,
na marehemu wote wale walikuwa wakinisubirisha
pale dirishani.

Bibi wa ufadhili alikuja Juni na faili lake.
Akapitisha kidole kwenye safu ya tatu,
*sokoni, kliniki, kwa dada aliyenifukuza,
nimetembea tu*,
akaniambia kwa upole kwamba hizi si takwimu.
Alikuwa na haki. Hazikuwa takwimu.
Mwaka ule tulipata nusu ya fedha.
Mwalimu wa Kiswahili akaenda zake, na simlaumu.
Nyaruot akashika chaki,
akafundisha kile kidogo alichokijua,
na kesho yake akafundisha alichojifunza usiku.
Ngeli zake zilikuwa vita.
Hakuna aliyekosa kipindi.

Wiki iliyopita nikaugua, siku nne.
Niliporudi, kiti changu kilikuwa na mtu.
Nabintu alikuwa amechora mistari bila rula,
imepinda kama kamba ya nguo yenye maji,
na safu zote nne zipo.
Akaligeuza daftari likanielekea.
Akagonga ya tatu kwa kalamu.
“Eeh? Umetoka wapi?”

Chini, kinu kikawaka.
Nikaandika: *kitandani. Homa. Hakuna aliyepiga simu.*
Akasoma yote kwa sauti, bila haraka.
Akasema, pole. Akasema, simu haikuwa na pesa.
Akainuka, akanisogezea kiti.
Mtoto wake, ambaye sasa ana meno manne,
alikuwa chini ya meza
akitafuna kona ya ukurasa wa Juni.
Hatukumnyang'anya mara moja.