Kilicho Chini ya Mshipi

Baba alilaumu breki.
Usiku ule wa Juni, jua limegoma kuzama juu ya ziwa Lentua,
hauki alidaka chambo, samaki yule mwenye mdomo wa bata
na jicho la mdai,
akaondoka nacho bila haraka, kama mtu aliyekwisha kulipa.
Baba akakaza breki. Samaki akaenda.
Akakaza tena, hadi kidole gumba kikawa cheupe.
Samaki akazidi kwenda,
na mkono wa rili ukazunguka, ukazunguka,
ukisaga hewa.

Miezi miwili wimbo ulikuwa mmoja: rili mbovu.
Akaipeleka Kajaani kwa fundi. Fundi akaifungua,
akaipaka grisi, akatoza yuro arobaini,
akairudisha na maneno matatu: haina tatizo lolote.
Baba akalaumu grisi.

Aliyeona ni Impi Karvonen, jirani wa ghorofa ya chini,
aliyezungusha nyuzi miaka thelathini na minne
katika kiwanda cha makoti ya kazi
na hajawahi kuvua hata samaki wa urefu wa kidole.
Alikuja kurudisha sufuria.
Akaiona rili mezani, akatoa chaki ya cherehani mfukoni,
akatia nukta moja kwenye mshipi,
ya pili kwenye ukingo wa kibiringo, zitazamane.
"Vuta," akaniambia. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nikavuta.
Nukta ya mshipi ikaondoka.
Nukta ya kibiringo ikabaki, kama aliyeachwa stesheni.

"Breki yako nzima, Tauno. Uzi ndio haujashika kitu.
Umeuzungusha juu ya chuma kitupu,
na uzi wa kusuka ni laini, haujui kung'ang'ania.
Mita mia mbili zote zinazunguka pamoja,
kama pete kwenye kidole kilichokonda."

Baba akakohoa.
Kwetu, kukohoa ni kukiri.

Tukaufungua wote, kijani kibichi, uani,
kutoka mlangoni hadi kwenye mti wa betula,
na kurudi, na kuyazunguka mapipa ya taka.
"Kwanza utepe," akasema Impi, "halafu nailoni, mizunguko kumi,
ndipo huu wako wa kifahari.
Tena uwe umelowa, upite katika taulo, umebanwa.
Ukilegea chini, ule wa juu utazama ndani yake."
Utepe wa umeme ulikuwa umekwisha.
"Ninao wangu," akasema.
Nikatumwa taulo. Niliporudi
nailoni ilikwisha funika kila kitu,
na wao wawili walikuwa kimya, wameinamia kazi.

Sasa nina duka, ndoana na chambo, karibu na daraja.
Kila kiangazi huja mtu amenuna, ameshika rili kama paka aliyemkwaruza.
Simuulizi breki. Natafuta chaki.
Wahenga walisema kuteleza si kuanguka;
hawakuwa na kilo tisa za hauki upande wa pili.

Baba alitutoka Februari, barafu ikiwa nene kama godoro.
Mwezi Mei niliichukua rili yake
nimtilie Oiva, mpwa wangu, mshipi mpya.
Ule wa zamani ulikuwa umepauka mita thelathini za juu,
ndani bado kijani, kana kwamba haujawahi kuona maji.
Kisha nailoni: nane, tisa, kumi.
Kisha chuma.
Na juu ya chuma, umekazwa, umebanduka pembe moja tu,
utepe wa kitambaa, ule wa kushonea jina ndani ya koti la kazi,
herufi nyekundu zilizofumwa:
*I. Karvonen.*

Miaka ishirini na mitatu.
Kila hauki, kila sangara, kila uongo wa urefu wa samaki
ulivutwa kutoka hapo.

Sikumuuliza mtu. Ghorofa ya chini redio ilikuwa inasoma hali ya hewa,
kwa sauti kubwa, kwa sababu ya masikio yake.
Nikaibonyeza ile pembe kwa ukucha, ikashika.
Nikaloweka taulo.

"Kuna nini hapo chini?" Oiva akauliza.
"Kinachoshika," nikasema.
"Zungusha. Polepole. Usiachie."