Ndoo ya Nne

Namwaga alfajiri, maji ya kisima yangali baridi,
kabla Bwana Harith hajafungua dirisha la ghorofa ya tatu
akaniita "Mama! Mama we!" kana kwamba nimeiba.
Sijaiba. Ni mavi ya ng'ombe wangu mwenyewe
na mkojo wake, na masazo ya pumba,
yamelala wiki tatu shimoni, yakatoa mapovu,
yakaiva yakawa mazito kama uji wa kilioni.

Ndoo moja ya samadi, mbili za maji.
Nakoroga kwa kipande cha boriti,
nainama, namwaga chini kwa chini,
shinani, si juu ya jani.
Mapesa ana kinyaa kuliko mkwe:
hali alichokichafua mwenyewe.

Hapa Utange palikuwa na mikorosho.
Sasa nina robo eka,
kulia ukuta wa kanisa, kushoto gereji ya Kitsao,
mbele jengo la Bwana Harith na wapangaji wake wa kunusa.
Katikati, nyasi na mtambaazi wa maua ya buluu
wamefunga ndoa bila shahidi:
nyasi humpa bega la kupandia,
naye huzilisha kwa siri
kutoka vinundu vya mizizini, vidogo kama dengu.
Hakuna anayemwona akitoa.

Mwaka jana nilifanya kosa la mkarimu.
Nyasi zilipandisha rangi, nikaona raha,
nikaongeza ndoo ya tatu, kisha ya nne kila mstari.
Zikanona! Zikanifika kifuani.
Mapesa akakamuliwa lita mbili zaidi,
nikamlipa Kitsao deni la toroli,
nikanunua doti ya leso nisiyoihitaji.

Mvua za mwaka zilipokata
nikatafuta buluu, nikapata ua moja,
limejikunja kivulini kama mgeni aliyesahauliwa sahani.
Nikang'oa. Nikapasua kinundu kwa ukucha.
Kinachofanya kazi huwa chekundu ndani,
kama ufizi wa mtoto.
Hiki kilikuwa kijivu.
Alikuwa ameacha kupika,
kwani nani awashe jiko
penye nyumba iletewayo sinia kila siku?
Na nyasi, zilizoshiba mkononi mwangu,
zilimfunika bila hata chuki.

Nikaigeuza ndoo, nikaikalia.
Nikamkumbuka Dzombo, Mungu amrehemu,
alivyolipa karo na maji miaka kumi na mmoja
asiseme neno,
na mimi nikimsifu kaka yangu wa Doha
kwa zulia moja.

Sasa napima.
Ndoo mbili kwa mstari, nikishakata tu,
na wingu liwe la manyunyu, lile linaloanzia upande wa Shanzu;
mvua kubwa huniibia yote
ikampelekea Kitsao mtaroni.
Mstari wa mwisho, ukutani mwa kanisa, siupi kitu.
Naupita na ndoo yangu
kama mtu anayepita msikitini na viatu mkononi.

Leo una maua kumi na saba.
Nimeyahesabu mara mbili, nikakosea, nikarudia.

"Mama! Mama we! Harufu!"

"Itaisha adhuhuri, Bwana Harith.
Umeamkaje?"