Siku za Mbalamwezi

Mwezi ukijaa, Katonga tunafunga mkaja.
Dagaa huidharau taa;
mitumbwi inalala kifudifudi mchangani
nami nafungua daftari la deni:
chumvi, sabuni, betri mbili za tochi.

Redio imesema wamerusha chombo tena
kwenda kuuzunguka huo huo mwezi.
Wakataja fedha. Nikajaribu kuzigawa kwa madebe ya dagaa,
sifuri zikanishinda njiani.
Butoyi, miaka saba, akauliza:
"Wanakwenda kuuzima?"

Nilicheka peke yangu.
Baba yake alisema zahanati haina glavu,
nao wanakwenda kuchota vumbi.
Kweli tupu. Sikumjibu.

Usiku nikatoka kufunika chanja:
ujumbe wa simu ulisema mvua,
maana kuna kidude huko juu
kiliiona ikiwa bado Kongo.
Nyota chache zilikuwa zimesalimika na ule mwanga.
Taa za ng'ambo nazijua, kila moja ina mwenyewe.
Hizi ni za nani? Wanavua nini?
Ziwa letu tu hatujaiona sakafu yake,
na lile la juu halina hata ufuko wa kusimama ukauliza.

Nikamfikiria yule wa kwanza
aliyening'iniza moto juu ya maji meusi.
Bila shaka mkewe alifoka:
unachoma mafuta ziwani, watoto wako gizani!
Alfajiri akarudi, mtumbwi umezama hadi ukingoni.
Au hakurudi na kitu, mara ya kwanza.

Waende, basi.
Ila wakishuka, washukie Katonga,
waje na glavu.